Picha ya Kisogo

Vidole alikuwa msusi wa kiti cha nyuma, kile kilichobanana na sinki la kuoshea nywele, ambako mteja akitaka kunyoosha miguu inabidi kwanza aombe ruhusa kwa ndoo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibatizwa na Redio, msusi wa kiti cha mbele, siku ya kwanza alipomwona akigawa nywele za mteja huku macho yake yako kwa mwanawe aliyelala kwenye mkeka pembeni. Redio naye aliitwa Redio kwa sababu aliwashwa asubuhi mlango ukifunguliwa, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima.

Kazi ya kusuka ina jambo moja lililokuwa likimuuma Vidole, ingawa hakuwahi kulisema. Ni kazi inayoondoka na miguu yake. Unainama juu ya kichwa cha mtu toka asubuhi, kiuno kinalalamika, magoti yanalalamika, ukimaliza mtu anajigeuza mbele ya kioo, anatabasamu, anatoka. Baada ya wiki chache anakaa kitandani kwake na sindano, anafumua. Basi. Fundi seremala ana meza yake ya kukuonesha. Fundi nguo huweza kuliona gauni lake likipita barabarani hata baada ya miaka. Yeye Vidole, ukimuuliza umefanya nini maisha yako yote, atakuonesha mikono mitupu yenye harufu ya mafuta ya nywele.

Ukutani, juu ya kioo kikubwa, palikuwa na karatasi ya picha za wanawake wa mbali wasiojulikana na mtu. Jua la mlangoni lilikuwa limewala mpaka wote wamekuwa wa bluu. Wateja walizoea. "Nisuke kama huyu wa bluu mwenye hereni," walisema, na Redio akajibu, "Hereni uje nazo."

Ndipo siku moja Madamu, mwenye saluni, mwanamke mnene wa sauti ndogo, akatangaza akiwa kwenye kiti chake cha plastiki pale mlangoni.

"Bango jipya linakuja. Kubwa, la nje, rangi zinawaka. Jamaa wa mabango anazitaka picha Ijumaa. Nimeona vichwa vizuri sana kwenye mtandao."

"Vichwa vya nani?" Vidole akauliza.

"Vya watu."

"Lakini Madamu, mtu akija akasema nataka kile cha bangoni, tutamwambia kakisuka nani? Sisi wenyewe hata hatujui huyo mtu alianzia wapi, sikioni au utosini."

Redio akaacha chanuo hewani. "Jamani. Kumbe Vidole ana na mdomo."

Madamu hakukasirika. Alimtazama Vidole kama mtu anayetazama kabati lake na kukuta lina droo ambayo hakuwa akiijua. "Sawa. Vyetu viko wapi? Tuna simu humu ndani kama maharage, na hakuna mwenye picha hata moja ya kazi yake. Niletee moja. Moja tu inayoeleweka, kabla jamaa hajaja. Nitaiweka katikati ya bango. Usipoleta, naweka za watu."

Hiyo katikati ndiyo iliyomkaa Vidole kichwani. Jioni alitembea kurudi nyumbani na mtoto mgongoni, na kila bango alilopita, la dawa ya meno, la rangi za nyumba, alilitazama pale katikati. Aliwaza msuko wake umekaa hapo, mkubwa kama dirisha, na hakuna wa kuufumua. Moyo ulimdunda mpaka mtoto mgongoni akacheka, akidhani anachezeshwa.

Simu yake ilikuwa ya kurithi. Mumewe, fundi wa pikipiki, aliitumia mpaka ikapata ufa kwenye kona, kisha akamwachia. Mpaka siku ile Vidole alikuwa akiijua kamera yake kwa kumpiga picha mtoto akiwa na uji usoni. Kesho yake, mteja wa Redio alipochelewa, alimwomba Redio ageuke ampige picha ya kisogo. Redio akakubali; kutazamwa hajawahi kukataa. Vidole akasimama kule kwenye sinki, akaivuta picha kwa vidole viwili ili kichwa kije karibu, akabonyeza.

Redio akaichukua simu. "Hii nini?"

"Ni wewe."

"Mimi? Hii ni sufuria iliyounguza uji. Na huu moshi wake huu hapa." Akaiweka simu mbali na macho, akaileta karibu. "Bibie, simu yako ina mtoto wa jicho. Ipeleke hospitali."

Saluni nzima ikavunjika mbavu, mpaka mama aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambaye hakusikia lolote. Vidole naye alicheka, lakini jicho lake lilibaki kwenye picha. Kweli ilikuwa na ukungu. Balbu ya darini ilikuwa imechanua kama ua, na mistari aliyoijua mmoja mmoja kwenye kichwa kile, kwani yeye ndiye aliyemsuka Redio, ilikuwa imezama yote kwenye weusi.

Akajikaza kisabuni, akaenda kwa Pasipoti.

Pasipoti alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Picha za vitambulisho ndizo zilizomlisha, na studio yake ilikuwa shuka jeupe, stuli, na kitana cha kuazima kwa waliosahau kuchana.

"Karibu shemeji. Nne au nane?"

"Sitaki kupigwa. Nataka kujua kupiga."

Pasipoti akaweka mkasi chini. "Unakuja kunipokonya tonge mdomoni, tena kwenye meza yangu?"

"Wewe unakula nyuso. Mimi nataka visogo. Tutagombania wapi?"

Alicheka mpaka akamsogezea stuli. Akazipitia picha za Vidole kwenye simu, moja baada ya nyingine, akiguna kama daktari wa meno. "Hapa ulisimama wapi?"

"Kwenye sinki."

"Na kichwa kilikuwa mlangoni. Ukakivuta kwa vidole. Shemeji, ukivuta hivyo unavuta na uchafu wake wote. Una miguu. Tembea, mfuate mtu. Halafu, wewe unaanza na mtu. Usianze na mtu. Ingia chumbani kama mwenye nyumba, uliza: mwanga uko wapi leo? Ukishaupata, ndiyo umlete huyo mtu umkalishe ndani yake. Viwiko bandika mbavuni. Pumzi shika. Bonyeza kama unagusa shavu la mtoto aliyelala, usiligonge kama kengele."

"Na huu ukungu?"

Pasipoti akakuna kidevu, lakini mlangoni alikuwa ameingia baba na mtoto anayelia, wote wawili wanahitaji kutazama mbele bila kucheka. "Huo sijui. Labda simu imechoka. Hata mimi nina siku naona ukungu."

Vidole alitoka pale kama aliyepewa ufunguo wa nyumba aliyokuwa akiishi siku zote. Mwanga uko wapi? Hakuwahi kuuliza. Alirudi nyumbani akaukuta umekaa mezani, kwenye nyanya tatu alizokuwa anataka kuzikata. Akazipiga. Akasogea, akazipiga tena, na safari hii upande mmoja wa nyanya uling'aa na upande wa pili ukalala kivulini, zikawa za mviringo kabisa, mtu angeweza kunyoosha mkono azichukue. Akapiga nguo kwenye kamba, jua likipita ndani ya soksi ya mtoto. Akampiga mtoto mwenyewe akikimbia, akapata mguu. Akampiga tena, akapata sikio. Akajifunza kulala chini kifudifudi, akamngojea aje, na mtoto alipokuja kwa kutambaa kumtazama mama kapatwa na nini, akampata mzima, macho manne: mawili ya mtoto na mawili ya mwanasesere wake.

Mumewe alirudi akamkuta chini ya meza.

"Leo tunakula au tunapigwa picha?"

"Simama hapo hapo. Usitoke mlangoni. Mwanga uko begani kwako."

"Begani nina grisi."

"Hata hiyo grisi imependeza."

Alisimama. Fundi pikipiki wa watu alisimama mlangoni na njaa yake na sanduku la spana, akapigwa picha. Alipooneshwa, aliomba tu atumiwe.

Lakini lilikuwapo fumbo. Nyumbani simu ilikuwa ikiona vizuri. Kazini ilikuwa ikipofuka. Vidole alipiga kisogo cha kila mteja aliyemkubalia pale saluni, kila mmoja mara akishamaliza kumsuka, na kila mmoja alitoka na ule ule moshi. Aliulaumu mvuke wa maji ya moto. Akalaumu balbu. Akawatoa wateja mpaka kizingitini, penye mwanga mweupe mzuri, na moshi ukawafuata huko huko. Wengine walianza kuona simu na kukumbuka kwamba wameacha jiko linawaka. Ijumaa ikawa kesho, na Madamu akawa amekwishachagua vichwa vya watu. Alivionesha bila ubaya, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua vitambaa vya pazia.

"Nipe asubuhi ya kesho, Madamu. Nitachelewa kidogo."

"Chelewa. Jamaa haji kabla ya saa sita."

Kilichobaki kilikuwa kichwa kimoja, na kilikuwa nyumbani kwake.

Mama mkwe wake alikuwa na nywele nyingi, nyeupe zimechanganyika na nyeusi, na miwani yenye kamba. Alipenda kusukwa na mkwewe, akisema mkono wake hauvuti ubongo. Asichopenda ni picha. Katika picha zote za maisha yake alikuwa amefumba macho: harusini amefumba, kwenye kitambulisho karibu afumbe, kwenye ubatizo wa mjukuu amefumba, tena mdomo wazi.

"Watu watadhani maisha yangu yote nililala," alisema Vidole alipomwomba. "Hapana, mwanangu. Tafuta mwingine."

"Mama, uso siutaki. Nataka kisogo."

Yule mama akamgeukia taratibu. "Nimekaa na wewe miaka yote hii sijakupa kisogo hata siku moja, leo unakiomba mwenyewe?"

"Leo nipe tu, mama. Nikikikosa, wanaweka vichwa vya watu."

Labda ni ile sauti. Mama mkwe alivuta kigoda chake.

Vidole hakuanza na chanuo. Alizunguka nyumba kwanza, akiuliza mwanga uko wapi, na akaukuta kwenye mlango wa uani, mpole, haujachomoza makali bado. Hapo ndipo alipoweka kigoda. Akasuka kama ambavyo hajawahi kusuka: mistari myembamba ikianzia paji la uso, ikipinda juu ya masikio, ikikutana chini ya kisogo kwenye fundo moja, na mvi zikienda ndani yake kama uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi. Kila baada ya mstari alichovya vidole kwenye kopo la mafuta, akapaka njia mpaka ikang'aa. Mtoto alikuwa chini, akimvalisha mwanasesere kifuniko cha kopo kichwani.

Akamaliza. Akachukua simu, viwiko mbavuni, pumzi kifuani. Akabonyeza.

Ukungu.

Akasogea. Ukungu. Akainama. Ukungu, tena mzito kuliko wa saluni. Hapa hapakuwa na mvuke wala balbu. Palikuwa na asubuhi tupu, nyumbani, pale pale alipopiga soksi na nyanya zikatoka safi. "Mama, imekufa," alisema kwa sauti ndogo. "Simu imekufa leo."

"Lete nione."

Mama mkwe akaipokea, akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Kisha akaigeuza simu mgongo, pale penye kijicho cha kamera, akaiinua kuelekea mwangani kama anavyofanya na miwani yake kila asubuhi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mwanangu," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "unanipiga picha kupitia kopo la mafuta. Kidole chako chote kiko hapa. Njoo uone, hata mistari yake naihesabu."

Vidole akaangalia. Juu ya kile kijicho, duara safi la mafuta, limepigwa chapa kama muhuri wa ofisi. Kila alipomaliza kusuka alikuwa akikimbilia simu kwa mikono ile ile, akiishika pale pale. Nyanya hazikupakwa mafuta, na njiani kurudi nyumbani simu ilikuwa ikijifuta yenyewe ndani ya mfuko wa gauni. Ndiyo maana nyanya zilitoka. Alikaa chini kwenye sakafu akacheka mpaka mtoto akaja kumpangusa uso kwa kifuniko.

Mama mkwe alipuliza hewa ya moto juu ya kijicho, haa, akakifuta kwa pindo la gauni kwa kuzungusha, polepole, kwa ujuzi wa mtu aliyefuta vioo vyake toka ujana. Vidole akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akapiga.

Moshi hakuna. Kila unywele ulikuwapo. Lakini bado moyo haukuruka. Kichwa kilikuwa safi na kimelala bapa, kama kimechorwa kwenye karatasi. Mistari ilionekana ila haikuinuka. Mwanga ulikuwa unakipiga usawa kutoka mgongoni kwake yeye mpigaji. Vidole akasimama pale, simu mkononi, na mkono wake wa kushoto, wenyewe, bila kutumwa, ukafanya jambo ambalo hufanya kila siku njia ya nywele inapompotea: ulishika kidevu cha mama mkwe na kukigeuza ubavu.

Akatulia. Kwa nini huwa anawageuza wateja ubavu? Kwa sababu ukiwa ubavu, mwanga unapita juu ya nywele badala ya kuzigonga, na njia inajitokeza yenyewe. Alilijua hilo toka alipokuwa binti mdogo akisuka wenzake shuleni. Ila hakuwa amejua kwamba hiyo nayo ni kupiga picha.

"Baki hivyo hivyo, mama. Kama natafuta njia."

Na njia zikainuka. Kila mstari ukapata kivuli chake upande mmoja na mng'aro upande mwingine, kama shamba lililolimwa asubuhi, na mvi zikawaka ndani yake. Vidole alihisi nywele za mikono yake zikisimama. Alisogea kwa miguu, si kwa vidole. Alishika pumzi. Na alipokuwa anabonyeza, mkono mdogo wa mtoto ukaingia kutoka chini, ukashika lile fundo la kisogoni, kwa upole, kama mtu anayejaribu kama tunda limeiva.

Hakupiga nyingine. Alijua.

Alifika saluni akihema, njia nzima alitembea nusu anakimbia. Madamu akaipokea simu. Redio akaja kuchungulia, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mteja wake akageuka kuangalia kama kuna mtu kazimia.

"Umeipiga wewe?" Madamu akauliza.

"Mimi."

"Kwa hii simu mbovu?"

"Ilikuwa chafu tu, Madamu."

Madamu aliitazama muda mrefu. Kisha akashusha pumzi, na Vidole akajua linakuja jambo. "Picha ni nzuri. Nzuri kupita hizi nilizochagua, sitakudanganya. Lakini mvi, Vidole. Bango la saluni linaita wasichana. Nani atapita njia, aone mvi, aseme na mimi nataka?"

Katikati ya bango ilikuwa ikifunga mlango polepole mbele ya macho yake. Jamaa wa mabango alikuwa amekwishaegesha nje.

"Mimi."

Sauti ilitoka chini ya mashine ya kukaushia nywele, iliyokuwa imekwishazimwa. Ni yule mama wa siku zote, aliyekuja kila wiki kuoshwa nywele, na kila mwezi kupakwa rangi nyeusi na kulalamika kwamba inamwasha. Aliinua kofia ya mashine kwa mikono miwili, akanyoosha shingo. "Nipe hiyo simu niione vizuri. Huyo mtu hakupakwa rangi?"

"Hapana, mama," alisema Vidole. "Ni zake vile vile."

"Na zinakaa hivyo?"

"Zinakaa hivyo. Tena nyeupe ndiyo inayoonesha mstari."

"Basi mimi naungua kichwa hiki miaka yote kwa faida ya nani?" Alimgeukia Madamu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Mwezi ujao sitaki rangi. Nataka hii. Na wadogo zangu nitakuja nao, wote wana mvi, wote wanajificha kwenye vilemba. Nani kaisuka?"

Redio, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, akanyoosha chanuo kuelekea nyuma, kwenye sinki. "Kiti kile pale. Ila uje mapema, maana kuanzia leo naona foleni itafika kwangu."

Madamu alikuwa mwanamke wa biashara. Alikwenda mlangoni akamwita jamaa wa mabango kwa ile sauti yake ndogo. "Hii hapa," alimwambia. "Katikati. Na huo mkono wa mtoto usiukate, ole wako."

Bango lilipopandishwa, mama mkwe alikuja kuliona amevaa nguo ya kutokea. Alisimama chini yake, akatazama juu, akarekebisha miwani. Kisha akaipa barabara kisogo, akakaa vile vile kabisa, kichwa ubavu, ili wapita njia walinganishe wenyewe. Watu wawili walisimama. Mmoja akamwuliza kama ni yeye.

"Mtazameni, mtamwuliza nini tena?" alijibu Redio kutoka ndani.

Vidole alitoka na simu. Kabla ya kuiinua aliigeuza mgongo, akaipulizia, akaifuta kwa pindo la gauni lake kwa kuzungusha.

"Sasa mama, nikupige na uso."

"Nitafumba, mwanangu. Unanijua."

"Fumba. Fumba kabisa, pumzika. Nikisema sasa, fungua."

Mama mkwe akafumba. Vidole akamgeuza kidogo, mpaka mwanga ukamkalia shavuni, akabandika viwiko mbavuni, akangoja. Barabara nayo ilikuwa kama inangoja.

"Sasa."

Macho yakafunguka, makubwa, yenye kicheko ndani yake, na simu ikalia kwa sauti ndogo.

"Nimefumba?"

Vidole alimpelekea simu, akasimama karibu naye, bega kwa bega, ajitazame mwenyewe.